Toroli la jeki linashuka lenyewe na halivuji: je, niongeze maji ya breki?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Chicago, Marekani, kwenye karakana inayofufua mashine kuukuu za pinboli, ule mchezo wa kupiga gololi ya chuma ndani ya meza yenye kioo. Kazi hazikosekani, maana Gottlieb, Bally na Williams zote zilianzia mji huu. Mashine tunazihamisha kwa toroli la jeki, lile ambalo meza yake hupanda kwa miguu ya mkasi ukikanyaga pedeli. Ni la zamani, limeandikwa uwezo wa pauni 500. Siku hizi nikishapandisha mashine, meza inashuka yenyewe taratibu, na kabla sijamaliza kufunga miguu ya mashine kimo kimeshapotea. Sakafuni hakuna tone la mafuta. Mwenzangu aliyewahi kutengeneza magari anasema niongeze maji ya breki ili sili, ile mipira ya kuzuia mafuta, zivimbe na kubana, au nikaze ile skrubu ya pembeni ya pampu. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usifuate hata moja, na hiyo chupa ya maji ya breki iondoe karibu na toroli leo hii, kabla mtu hajaitumia kwa nia ya kukusaidia.

Jibu la swali lako umeliandika mwenyewe: sakafuni hakuna tone. Jeki ikishuka huku nje pakavu, mafuta hayajapotea. Yanatoka ndani ya silinda na kurudi kwenye tangi la jeki yenyewe, kupitia valvu isiyofunga sawasawa. Sili ya shafti, ile nondo inayotoka kwenye silinda, ikichoka, kwenye toroli la namna hii mafuta hutokea nje: shafti inalowa na vumbi linaganda juu yake. Wewe hujaona hayo. Kwa hiyo hata ukinunua sili mpya zote na kuzifunga, meza itaendelea kushuka. Na ukijaza mafuta itashuka vile vile, ila sasa itashuka ikiwa imejaa.

Mafuta yakipungua dalili yake ni nyingine: meza haifiki juu kabisa, au pedeli inakwenda bure mara kadhaa kabla ya kushika. Kiwango kipime meza ikiwa chini kabisa. Wengi hujaza ikiwa juu, ilhali mafuta mengi yamo ndani ya silinda; meza ikishuka yanakosa pa kwenda, yanasukuma kifuniko au sili, halafu mtu anasema jeki imeharibika zaidi.

Anza na waya. Matoroli mengi ya aina yako yana waya unaotoka kwenye mpini kwenda kwenye valvu ya kushushia. Waya ukikazwa kupita kiasi, au ukishika kutu ndani ya ganda lake, unaivuta valvu kidogo muda wote, na upenyo mdogo sana unatosha kushusha meza. Ulegeze, au uuchomoe kabisa pale kwenye valvu, hakikisha mkono wa valvu umerudi mpaka mwisho, kisha pandisha mzigo usio na thamani, mifuko ya mchanga kwa mfano. Chora alama ya chaki kwenye mguu wa mkasi, uache nusu saa. Alama isipohama, umemaliza kazi bila kufungua kitu.

Ikihama, tazama pedeli. Mzigo ukiwa juu na wewe umeondoa mguu, pedeli inarudishwa na springi yake kisha inatulia? Au inasukumwa pole pole na kitu kisichoonekana? Ikisukumwa, kinachovuja ni valvu ya pampu, ile inayoruhusu mafuta kwenda kwenye silinda na kuyazuia yasirudi. Ikitulia huku meza inashuka, kinachovuja ni valvu ya kushushia. Zote mbili kwa kawaida ni gololi ndogo ya chuma inayokaa kwenye kiti chake, mara nyingi na springi nyuma yake. Punje moja ya kutu ikilala katikati ya gololi na kiti, meza yako haitasimama.

Kwa sababu hiyo, kwanza jaribu kuisafisha valvu kwa mafuta yake yenyewe. Pandisha ile mifuko ya mchanga, fungua valvu ya kushushia yote kwa mara moja meza iteremke kwa kasi, rudia mara chache. Mkondo wa mafuta mara nyingi huondoa uchafu. Ikigoma, shusha meza, mwaga mafuta yote, ifumue valvu inayovuja, toa gololi na uitazame kwenye mwanga. Yenye mikwaruzo au vidoa vya kutu haifai. Tafuta nyingine ya kipenyo kile kile. Kwenye kiti utaona duara jembamba linalong'aa pale gololi inapokaa. Likiwa zima pande zote, safisha tu urudishie. Likiwa limekatika mahali, weka gololi, iguse kwa kijiti cha shaba na nyundo ndogo, pigo moja jepesi au mawili, kisha itupe hiyo uweke mpya. Usitie msasa humo, kwa maana ukikikwangua kiti umeongeza njia ya kuvujia.

Mafuta ya kurudishia ni ya haidroliki, ISO VG 32 (namba ya uzito wa mafuta iliyoandikwa kwenye kopo), au VG 22 iliyo nyepesi zaidi kama karakana yenu haina joto wakati wa baridi ya huko. Oili nzito ya injini ambayo watu huitia ili isipite huifanya pampu kuwa nzito na gololi kuchelewa kukaa. Ukishajaza, kanyaga pedeli mara kumi au zaidi valvu ya kushushia ikiwa wazi ili hewa itoke. Na usipeleke mkono katikati ya mkasi meza ikiwa juu bila kuweka gogo imara au nguzo ya chuma ya kuizuia, hata kama unashika kitu kwa sekunde moja tu.

Sasa hayo maji ya breki. Sina wiki inayopita bila kuletewa jeki iliyotiwa, na anayeileta huwa na maelezo yale yale: breki ni haidroliki, jeki ni haidroliki, kwa hiyo kinywaji ni kimoja. Si kimoja. Maji ya breki ya DOT 3 na DOT 4 ni ya glaikoli, kemikali inayochanganyika na maji. Sili za jeki nyingi ni mpira wa nitrili, uliotengenezwa kukaa ndani ya mafuta ya madini. Nitrili ikikutana na glaikoli inavimba kweli, na hapo ndipo ulaghai ulipo, kwa sababu siku za mwanzo jeki iliyokuwa inavuja inaonekana imepona. Fundi ameshalipwa na ameshaondoka. Baada ya hapo mpira unalainika, unakatika vipande, na vipande hivyo vinakwenda kulala chini ya zile gololi nilizokueleza. Zaidi ya hayo, glaikoli hunyonya unyevu wa hewa, na shafti inaanza kupata kutu kwa ndani.

Kwa kuwa toroli lako ni kuukuu na hujui lilipita mikononi mwa nani, lipime. Chovya kijiti tangini, dondosha tone moja kwenye glasi ya maji safi, koroga. Mafuta ya haidroliki yataelea juu na kutengeneza utando. Tone likiyeyuka likapotea, kuna mtu alishatia maji ya breki, na hapo ndipo unapohitaji sili mpya zote pamoja na kusafisha kila njia ya mafuta. Usinunue sili kwa kupima ile ya zamani, imeshavimba na itakudanganya. Pima shafti na mfereji wa sili, kwa milimita na kwa inchi, maana matoroli mengi yanayouzwa huko kwenu yameandikwa pauni lakini yametengenezwa kwa vipimo vya milimita.

Na ile skrubu ya pembeni, kama ndiyo ninayoifikiria, ni valvu ya usalama. Imepimwa kiwandani ili jeki ikatae mzigo unaozidi uwezo wake. Kwenye jeki nyingi iko upande wa pampu, haihusiki na kushuka kwa meza. Ukiikaza, pampu itakubali mzigo ambao pini na viungio vya mkasi haviwezi. Na wewe huna haja hiyo: pauni 500 ni kama kilo 227, wakati mashine nyingi za pinboli za miaka ya 1980 na 1990 zina kilo 110 hadi 140. Toroli likiwa zima linatosha. Ila mashine ikiwa juu wewe unakuwa umepiga magoti pembeni ukifunga bolti mbili kwa kila mguu, na uso wako uko sawa na pembe ya sanduku. Sitaki mtu akae pale juu ya jeki iliyotibiwa kwa kubahatisha.

Nimeandika kirefu kwa sababu wanaosoma hapa wengi hawana toroli la pinboli, wana jeki za gari na wana magari, na kosa hili hugeuzwa upande wa pili. Yule anayetia maji ya breki kwenye jeki ndiye pia anayeongeza oili ya injini au mafuta ya haidroliki kwenye breki za daladala pale maji yanapopungua njiani. Mipira ya breki za glaikoli haivumilii mafuta ya madini hata kidogo. Inavimba, pistoni zinakwama, breki zinashika zenyewe au zinakataa kushika. Fungua kifuniko cha kikopo cha maji ya breki cha gari lako utazame mpira ulio chini yake. Ukiwa umevimba, umekunjamana na haukai tena mahali pake, gari hilo lisitoke. Kumwaga na kujaza upya hakutoshi. Mipira ya pampu kuu, ya silinda za magurudumu na paipu zake zote za mpira vinabadilishwa, na paipu za chuma zinasafishwa, kabla halijabeba mtu.