Mbu akikunyonya, anakukojolea?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nalima mpunga huku bonde la Kilombero, mbu ni majirani zetu. Juzi alitua mmoja mkononi, nikamwachia anyonye huku namulika kwa tochi. Kabla hajashiba, tone jekundujekundu likachomoza nyuma yake. Mama mkwe anasema huo ni mkojo, na ndio unaoleta malaria. Ni kweli?
Msomaji, Ifakara

JIBU: Marahaba. Mama mkwe amepatia nusu, tena nusu ngumu. Ni mkojo kweli. Ila vimelea vya malaria hupita kwenye mate, ambayo mbu huyatema chini ya ngozi wakati anatafuta mshipa. Tone la nyuma halihusiki.

Sasa kwa nini akojoe kabla ya kuondoka mezani? Angalia mzigo. Mbu jike ana uzito wa miligramu moja au mbili hivi, na damu anayonyonya kwa mlo mmoja inaweza kuuzidi uzito huo. Zaidi ya nusu ya damu yako ni plazima, yaani maji yenye chumvi na protini kidogo. Yeye anafuata protini ya kutengenezea mayai. Maji yanamlemea asiweze kuruka vizuri, na chumvi ikikaa humo itamvuruga mwilini. Huyo wako, nadhani ni anofelesi, yaani jamii ya mbu waenezao malaria: wenyewe huanza kumwaga maji wangali wananyonya, na chembe nyekundu kadhaa huponyoka humo humo. Enzi nilipokuwa nikilisha mbu wa maabara kwa mkono wangu (wa kufugwa, wasio na vimelea), mkono ulibaki na vidoa vya waridi.

Mbu hana figo. Ana mirija mitano myembamba iliyoungana na utumbo, inayoitwa mirija ya Malpighi, kwa jina la Mwitalia Marcello Malpighi aliyeieleza katika kiwavi wa hariri mwaka 1669. Mirija hiyo ikiachwa yenyewe hufanya kazi polepole mno. Inangoja amri, na amri ni homoni. Mbu akinyonya, seli za neva humwaga homoni kwenye damu yake, ambayo haina mishipa kama yetu bali imeizunguka mirija pande zote. Ikifika, seli za mirija husukuma sodiamu na kloridi kuingia ndani ya mrija, na maji hufuata chumvi. Baadaye, chembe nyekundu zikianza kumeng'enywa, potasiamu iliyokuwa ndani yake nayo hutolewa.

Mengi ya haya yalianza kujulikana kwa mdudu mwingine, Rhodnius prolixus, jamii ya kunguni wakubwa wa Amerika ya Kusini, anayeweza kumeza damu mara kumi ya uzito wake. Miaka ya 1960, Simon Maddrell wa Cambridge, Uingereza, alichunguza mirija ya kunguni huyo. Mrija uliotolewa kwa mwenye njaa ulikuwa karibu mkavu, lakini ukilowekwa kwenye damu ya kunguni aliyetoka kula, ulianza kutiririsha. Kasi inaweza kupanda hadi mara elfu! Kwangu mimi, hilo ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote ya somo hili, kwa sababu lilionyesha kwamba amri husafiri ndani ya damu. Baadaye serotonini, ile ile iliyomo kwenye ubongo wetu, ilitambuliwa kuwa mojawapo ya homoni hizo. Na ziko nyingine za kufunga bomba, maana mdudu asiyeacha kukojoa hukauka akafa.

Kwa kunguni huyo, hofu ya mama mkwe ingekuwa na msingi. Ndiye mmoja wa wanaoeneza ugonjwa wa Chagas, uliogunduliwa na Mbrazili Carlos Chagas mwaka 1909, na vimelea vyake hutoka na kinyesi na mkojo. Mtu akijikuna huviingiza mwenyewe kwenye kidonda. Kwa hiyo anayejisaidia haraka, angali juu ya ngozi, ndiye hatari zaidi.

Wewe tone lako lifute tu kwa kitambaa. Ila mchezo wa kumwachia mbu mkono, hapo Ifakara, uache: tone linapochomoza, mate yake umekwisha yapokea.