Huu Mti Umeuokoa Mara Ngapi? Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Hesabu za Gesi

Wiki hii nimerudisha majedwali matatu ya hesabu za gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, kwa vijana watatu, na makosa ni yale yale niliyoyaona miaka nenda rudi hapa Kampala. Nawapenda, na ndiyo maana naandika. Someni kabla ya kunitumia jedwali la nne.

1. Kabla ya kuandika neno "maendeleo", uliza asilimia hiyo ni ya nini. Mmoja wenu ameandika kwamba Uganda iliongeza lengo lake la kupunguza gesijoto kutoka asilimia 22 hadi 24.7, basi tofauti ni 2.7. Sivyo. Ile 22 ilipimwa kutoka makadirio ya tani milioni 77.3 kwa mwaka 2030. Hii 24.7, iliyowasilishwa Septemba 2022, inapimwa kutoka tani milioni 148.8. Ukitoa punguzo hilo, zinabaki kama milioni 112, yaani zaidi ya makadirio yote ya zamani kabla hata ya kupunguza. Mstari wa kupimia wenyewe ulihama, kwa sababu makadirio yalifanywa upya. Lengo letu linapimwa dhidi ya mwenendo wa kawaida, yaani gesi ambazo zingetoka kama tusingechukua hatua yoyote mpya, kwa hiyo gesi kuongezeka kuliko mwaka jana si ushahidi kwamba tumeshindwa.

2. Methani. Ili ilinganishwe na hewa ukaa, uzito wake huzidishwa: ripoti za zamani zilizidisha kwa 21, za sasa kwa 28. Ukiziunganisha bila kurekebisha, ng'ombe wa Karamoja na Ankole wataonekana wameongeza gesi kwa theluthi nzima bila hata ndama mmoja kuzaliwa.

3. Makaa. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa mradi wa majiko banifu, yanayotumia makaa machache. Nilijituma. Nilisimama kando ya barabara ya Gulu, upande wa Nakasongola, nikining'iniza magunia kwenye mizani ya ndoano, maana gunia si kipimo: moja limefungwa mdomoni, jingine limejengewa kichwa cha nyasi na kamba hadi linakaribia kuwa mawili. Wauzaji walinivumilia, vumbi la makaa likaniingia hadi kwenye daftari. Nikarudi na uzito wa kweli, nikakokotoa makaa yaliyookolewa, nikayageuza kuwa kuni, kuni nikazigeuza kuwa hewa ukaa, nikaandika punguzo kwenye sekta ya nishati. Kisha nikafungua jedwali la ardhi na kuandika msitu uliopona kwa sababu ya majiko yale yale. Nikajumlisha.

Ripoti ikapigwa chapa. Siku ya kuiwasilisha, mama mmoja wa misitu, mtu mzima aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi, akainua mkono. "Mwanangu, huu mti mmoja umeuokoa mara ngapi?" Nikaanza kumweleza habari za mizani na magunia. Akaniacha nimalize, akaja mbele, akaweka kidole kwenye mstari wa nishati, kisha kwenye mstari wa ardhi. Ukumbi ukanyamaza.

Mwongozo wa kimataifa wa hesabu hizi uko wazi: hewa ukaa ya kuni na makaa huhesabiwa kwenye ardhi, pale mti ulipopotea. Kwenye nishati unajumlisha methani na oksidi ya nitrasi tu, na hewa ukaa inaandikwa pembeni, kwenye mstari wa kumbukumbu usiojumlishwa. Mstari huo ulikuwemo kwenye jedwali nililokabidhiwa. Niliufuta mwenyewe, kwa sababu ulikuwa mtupu na niliona unaharibu sura ya ukurasa.

Lakini aibu ya ukumbini si kitu. Ofisa mmoja wa wilaya alikuwa ameshachukua namba yangu na kuwatangazia wananchi. Nilimpigia simu kumwambia kwamba sehemu kubwa ya punguzo lile haipo. Alinyamaza, halafu akauliza, "Sasa watu hawa niwaambie nini?" Sikuwa na jibu. Sauti ile naisikia kila ninapofungua jedwali la makaa.

4. Gigagramu, kipimo mtakachokikuta kwenye majedwali haya: moja ni tani elfu moja. Ibandike ukutani.

5. Kila seli, yaani kila kisanduku cha jedwali, iwe na chanzo chake: nani aliitoa, mwaka gani, ukurasa gani. Ripoti za uwazi, ambamo nchi hueleza gesi zake chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, hutolewa kila baada ya miaka miwili, na ya kwanza tarehe yake ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2024. Atakayeandaa inayofuata pengine hatakuwa wewe, naye hataweza kukuuliza ulikuwa unafikiri nini.

6. Msikae kusubiri barua pepe kwa watu wa takwimu na wa misitu. Nendeni, salimieni, kaeni nao.

Na wewe uliyefuta mstari wa kumbukumbu juzi, unajijua. Nimeurudisha. Njoo kesho saa mbili asubuhi na jedwali lako la ardhi, tuufuate mti mmoja mmoja.