Nyumba ya Mbao Mjini: Mwanga Uingie, Jirani Asichungulie

Juzi msomaji kaniandikia. Ana kiwanja cha mita 15 kwa 20 Sinza, ghorofa la jirani limemuinamia, na ndugu zake wanamwambia nyumba ya mbao ni banda la kuku. Maneno hayo nami niliambiwa, tena na fundi niliyekwisha kumlipa, mbele ya mke wangu. Yananiuma mpaka leo, ingawa nyumba imesimama na ndimo ninamolala.

Ndugu yangu, anza na ua, sebule itafuata. Wazee wa Lamu na Mji Mkongwe walijenga nyumba zimebanana, ukuta wa nje karibu hauna dirisha, na bado ndani kulikuwa na mwanga kwa sababu vyumba vilifungukia uani. Mimi niliacha ua wa mita 3 kwa 4 katikati, na vyumba vyote vinautazama. Upande wa jirani kuna madirisha membamba tu, juu kabisa chini ya paa. Mke wangu anakaa pale kichwa wazi, anasuka mtoto, na aliye ghorofani haoni hata kivuli chake.

Jua la Dar linakuwa kaskazini Juni na kusini Desemba. Upenu mrefu unalimudu. Linalochoma ni la magharibi, lile la saa kumi jioni. Huko weka stoo na choo.

Sasa mchwa, maana ndiyo hofu ya kila mtu. Nguzo zangu zimekaa juu ya vipande vya zege, zimeinuka kutoka chini, hivyo mchwa akitaka kupanda lazima ajenge kijia cha udongo, nami nakiona. Mbao ni paini ya Mufindi iliyotiwa dawa kiwandani kwa mtambo wa shinikizo. Ya kupakwa kwa brashi usiiguse. Na kila mnapokata, pakeni dawa upya pale pale, kwa kuwa moyo wa mti hauinywi vizuri.

Vijana wenzangu, acheni kujenga kwa kuogopa midomo ya watu. Tofali si heshima. Heshima ni kulala penye hewa na kuishi bila kuchunguliwa, na hiyo inapatikana hata kwenye kiwanja kidogo.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji akate ubao mmoja mbele yako, uone ule ukijani wa dawa umeingia mpaka wapi. Ukiwa umeishia juu juu, ondoka.