Three Camps ilinivua kiburi mbele za watu

Wiki jana kijana mmoja anayepiga ngoma ya sneya kwenye bendi ya kanisa huko Mombasa aliniandikia: "Kaka, nimesikiliza Three Camps ya watu watatu, kila mtu na yake. Ipi ndiyo yenyewe?" Anasema kile kipande cha zamani cha ngoma za kijeshi. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Swali hilo liliwahi kuniliza.

Nilikuwa nimehamia Connecticut, Marekani, ambako vikundi vya filimbi na ngoma utavikuta hata kwenye miji midogo. Nyumbani nilikuwa natajwa kwenye matarumbeta, arusi haikunoga bila mimi. Nikajiandikisha mashindano ya kupiga peke yako. Miezi ya mazoezi sina cha kuisimulia: mto wa kochi, metronomu, jirani kugonga ukuta.

Three Camps ni sehemu ya kwanza ya ngoma ya kuwaamsha askari alfajiri. Wanamuziki Bruce na Emmett waliichapa katika kitabu chao cha mafunzo ya ngoma na filimbi cha mwaka 1862, Wamarekani wakiwa katikati ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Ni mirindimo mitupu, yaani mapigo ya haraka yaliyoungana: wa mapigo 5, wa 10, wa 11. Mimi niliikalia kwa hesabu. Wa 5 ni mapigo pacha, mawili kwa mkono uleule, mara mbili na moja la kufungia. Mikono imesogea mara 3. Wa 10 ni pacha nne na mawili ya pekee: mara 6. Wa 11 ni pacha tano na moja: mara 6 vilevile. Basi yote inaingia kwenye tripleti, tatutatu, haibaki hata punje! Nikajiona nimefumbua fumbo, kumbe wapigaji wengi wa siku hizi huipiga hivyohivyo. Nikaipiga laini kama cherehani, mkazo mwanzoni mwa kila tripleti.

Jaji, mzee mmoja, aliandika: "Mazoezi mazuri ya mikono. Three Camps sikuisikia."

Iliniuma. Inauma mpaka leo, nisiwadanganye.

Mpigaji mwingine mkongwe alinionea huruma, akanikalisha nyuma ya gari lake akatoa ngoma ya kamba, ile pana yenye sauti nzito. Akapiga taratibu, kila pigo likisikika. Kwake mrindimo unalikimbilia pigo la mwisho, na mkazo unakaa pale unapofungwa. Kisha kimya kidogo, kama ngoma inavuta pumzi. Namba ni zilezile 5, 10, 11, lakini ilikuwa ngoma nyingine kabisa. Ndipo nikaelewa: vitabu vya kale vilikupa idadi ya mapigo, namna ya kuyapanga ndani ya muda havikuisema wazi. Hiyo uliipata kwa sikio, umekaa karibu na aliyekutangulia. Hata chama cha wapigaji kilichoundwa Chicago mwaka 1933, chenye orodha ya rudimenti 26, yaani mapigo ya msingi, kilisawazisha mikono ya watu. Masikio kiliyaacha yalivyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mombasa, zote tatu ndizo zenyewe. Tafuta mtu mmoja umsikilize mpaka uweze kuiimba mdomoni kabla hujashika mikwiro. Usichanganye ya huyu na ya yule. Na kama ni mashindano, uliza mapema nani atakaa mezani na yeye alilelewa na ngoma ipi. Vijana mnapenda mno kasi! Mnapiga haraka msije mkaulizwa mnapiga nini. Sikiliza, nasema tena, sikiliza. Mimi nilikuwa na mikono kuliko wote siku ile na haikunisaidia kitu.

Mwaka uliofuata nilirudi na ngoma ya kamba ya kuazima. Nikaipiga kizee, na pumzi zake zote, wazee wakatikisa vichwa kwa raha. Nikawa wa tatu. Jaji safari hiyo alikuwa mwingine, na aliyeshinda aliipiga kwa tripleti, laini kama cherehani. Sikuwa nimeuliza.