Joto na Mwanga katika Kizimba cha Nyoka: Anza na Thamostati

Mtu anayetaka kufuga nyoka kwa mara ya kwanza huniuliza kwanza balbu inayofaa ni ya wati ngapi. Baada ya miaka mingi ya kufuga chatu wa kifalme na nyoka wa mahindi, nimezoea kumjibu kwa swali jingine: thamostati unayo? Kifaa cha kutoa joto hakina shida kukipata, ila kinachomlinda nyoka ni kile kinachoukata umeme joto linapofikia kiwango ulichopanga. Mkeka wa joto uliochomekwa kwenye soketi bila kudhibitiwa unaweza kuvuka nyuzi 40 za Selsiasi, na nyoka hana wepesi wa kukimbia kinachomuunguza tumbo; anaweza kubaki amejikunja papo hapo hadi magamba yaharibike.

Nyoka hajitengenezei joto la mwili, hulipata kwa kuhama kutoka mahali penye joto kwenda mahali penye ubaridi na kurudi. Kwa hiyo kizimba chenye joto sawa kila kona, hata likiwa lile linalosifiwa vitabuni, kimemnyima kazi aliyoumbwa kuifanya. Weka vyanzo vyote vya joto upande mmoja. Kwa chatu wa kifalme ninalenga nyuzi 32 hadi 34 mahali pa kuotea joto, na nyuzi 24 hadi 26 upande wa pili. Nyoka wa mahindi hutosheka na nyuzi 29 hadi 31 upande wa joto, na 22 hadi 24 upande wa baridi. Maficho yawepo pande zote mbili, kwa sababu nyoka mwenye woga akiwa na ficho moja tu atachagua usalama na kuliacha joto analolihitaji. Madhara huonekana baada ya mlo: nyoka aliyekosa joto hashindwi kumeza, hushindwa kusaga alichomeza, na siku chache baadaye huweza kukitapika.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni mahali pa kihisi, yaani ile ncha ya waya inayoipelekea thamostati habari za joto. Thamostati haijui lolote kuhusu kizimba isipokuwa kile ambacho ncha hiyo inakigusa. Chatu ana nguvu za kusukuma kila kitu kilicholegea, na nimewahi kuitwa kwa mfugaji mwenzangu nikakuta waya umeng'olewa na ncha yake imetumbukia kwenye bakuli la maji: thamostati ilikuwa ikisoma ubaridi wa maji na kuuamuru mkeka uendelee kuwaka, ilhali kioo kilichokuwa juu ya mkeka hakishikiki. Tangu hapo hukibana kihisi nje ya kizimba, kati ya mkeka na kioo, kisha nikakagua kwa kipimajoto kingine ndani, juu ya sakafu anakolala nyoka. Vipimajoto vya mshale vinavyobandikwa ukutani sivitumii. Hupima hewa ya pale vilipobandikwa, tena kwa kubahatisha. Kile cha infraredi, unachokielekeza kwenye sakafu kikakusomea joto la uso wake, hakikosi mfukoni mwangu. Washa mfumo wote siku kadhaa kabla nyoka hajaingia, upime mchana na usiku.

Kuhusu chanzo chenyewe, mkeka hupasha sakafu lakini hewa huiacha karibu ilivyokuwa, hivyo chumba kikiwa na baridi hautoshi peke yake. Balbu ya halojeni inayomulika kutoka juu hufanana zaidi na jua, kwani miale yake hupenya mwilini zaidi kuliko joto la balbu ya kauri. Hata hivyo, ya kauri hufaa usiku kwa kuwa haitoi mwanga. Zote mbili huhitaji kishikio cha kauri, si cha plastiki, pamoja na kizuizi cha waya ambacho nyoka hawezi kujizungushia. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya reptilia, mimi siyashauri kabisa.

Balbu za joto za juu hukausha hewa, na hewa kavu huonekana nyoka anapojivua gamba vipandevipande. Ongeza unyevu, usipunguze joto.

Mwanga uwe wa mchana na giza liwe la usiku, kwa saa 12 kila kimoja, ukitumia swichi ya saa. Balbu nyekundu au za buluu za usiku hazina faida, kwani nyoka huona mwanga wake na usiku wake unageuka mchana hafifu. Suala la urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho yetu, bado linabishaniwa: katika utafiti, nyoka wa mahindi waliomulikwa walionekana kuongeza vitamini D katika damu, ilhali utafiti kama huo kwa chatu wa kifalme haukuonyesha ongezeko. Mimi huweka taa hafifu ya aina hiyo kwa wote, na kivuli cha kutosha. Kumbuka kwamba miale hiyo haipiti kwenye kioo cha kawaida, hivyo taa ikae ndani au juu ya wavu, na kwamba nguvu yake hufifia wakati taa ingali inang'aa kama kawaida. Andika tarehe ya kuifunga kwenye kishikio chake, uibadilishe kwa muda aliouweka mtengenezaji.