Utosi wa mwanangu ulifunga mapema: omba kichwa kipimwe

Binti yangu alipokuwa na miezi mitano, muuguzi wa kliniki moja hapa Dodoma alimpapasa utosini, akaniambia kwamba umekwisha kufunga na kwamba ubongo hautapata nafasi ya kukua, kisha akamwita mama aliyefuata kwenye foleni. Sikulala usiku huo. Mama mkwe alipofika kutoka Kongwa alianza kumkanda kichwa kwa mafuta ya alizeti ili mifupa ilegee, nami kwa hofu niliyokuwa nayo nikamwacha afanye hivyo kwa siku tatu.

Daktari wa watoto tuliyempata baadaye hakuanza na utosi, bali alichukua futi ya kupimia, akaizungusha juu ya nyusi na kupitia kisogoni, akasoma sentimita 41, kisha akauliza kichwa kilikuwa na ukubwa gani siku ya kuzaliwa. Kwa bahati karatasi ya kuruhusiwa hospitali nilikuwa nimeitunza, nayo ilionyesha 34.

Alinieleza kwamba utosi wa mbele kwa kawaida hufunga kati ya miezi 9 na 18, lakini wapo watoto wazima kabisa ambao utosi wao hufunga mapema zaidi, na kwamba kinachoruhusu fuvu kupanuka hasa ni maungio ya mifupa yake, ambayo mengi hubaki wazi kwa miaka mingi. Ubongo unaokua ndio unaosukuma mifupa, kwa hiyo kichwa kinachoongezeka ni dalili kwamba ndani kuna ukuaji. Alipapasa maungio hayo moja baada ya jingine, akamwangalia mtoto anavyoshika vitu na kugeukia sauti, akatutaka turudi baada ya mwezi. Kuhusu kukanda alisema tuache, kwa kuwa hakufungui mfupa.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, ukiambiwa utosi umefunga, omba mzunguko wa kichwa upimwe na uandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe, kwa sababu kipimo kimoja hakisemi mengi kama vipimo vitatu vinavyofuatana. Kadi nyingi hujazwa uzito tu, na hapo ndipo mama hubaki na maneno ya kutisha yasiyo na namba. Mpeleke kwa daktari bila kungoja ikiwa kichwa hakiongezeki, ikiwa umbo lake linapinda au kurefuka upande mmoja, ikiwa unagusa tuta gumu kwenye maungio, au ikiwa mtoto anachelewa kukaza shingo na kufuata kwa macho. Huko huenda akahitaji picha ya kichwa, na maungio yaliyofunga kabla ya wakati hutibiwa kwa upasuaji, ambao matokeo yake huwa mazuri zaidi ukifanyika mapema.

Sasa ana mwaka na nusu, anatembea na kuniita, na kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye kadi yake ni sentimita 46.