Kondomu kwanza, kiwanja baadaye

Mdogo wangu wa Bagamoyo, umesema kondomu ilipasuka juzi usiku ukiwa na mpenzi wako raia wa kigeni, naye anataka kununua kiwanja kwa jina lako. Kiwanja kitasubiri. Nenda hospitali leo hii, uombe PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari kama hili: huanzwa ndani ya saa 72, baada ya kupimwa VVU, na vidonge humezwa siku 28 bila kuruka. Mafuta ya nazi mliyopaka ndiyo yaliyolegeza mpira; vaselini nayo vilevile. Tumieni kilainishi cha maji.

Kiwanja sasa. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, ndiyo maana kalipenda jina lako (na wewe pia, huenda). Muandikishane kwa wakili: fedha zake za kiwanja ni zawadi au mkopo? Mkigombana, ujumbe wa WhatsApp wa mapenzi huenda ukasomwa kama deni.